Maudhi Madogo Madogo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Yudith, toa hayo madude masikioni bibi yako anapoongea! Huna adabu. Umelelewa na mama yako, hukulelewa na mimi, na inaonekana.

Hayo nimemwambia leo mara ya kwanza kwa sauti ya ndani, mara ya pili kwa sauti ya shambani. Hakusikia. Kwa sababu ya madude masikioni. Basi nimeyaandika hapa. Daftari halivai kitu.

Yudith ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Daudi. Kaja kukaa kwangu hapa Area D, Dodoma, kwa sababu anasoma digrii ya pili, na eti kwangu hakuna kelele. Ni kweli, hakuna. Daudi alinitoa Makutupora kwenye mizabibu yangu, akanijengea nyumba ya vigae, akaniwekea geti la chuma, akarudi zake Mwanza. Geti zuri sana. Hakuna anayeligonga.

Kutwa mtoto anaongea na kompyuta, kwa vidole. Nikamuuliza anaandika nini. Eti kodi. Nikamwambia kwangu hulipi kodi wewe, ni mjukuu, au baba yako kakudanganya nini? Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema kodi ni maneno ya kuiamrisha kompyuta, kwa lugha inayoitwa R. Lugha nzima, herufi moja! Na herufi yenyewe mimi Mgogo ikinifika mdomoni inageuka L. Nikaachana nayo.

Simu yangu leo imelia mara moja. Ni kampuni ya simu, wananiuliza kama nataka wimbo. Nikawasalimia. Nikawaambia mvua ni ya wasiwasi mwaka huu. Kumbe ni mashine.

Simu ya Mishi haipumziki. Mishi ni jirani, mtu wa Kondoa. Mwanawe Khalidi anampigia asubuhi, anampigia jioni, na yeye anaweka spika na kuja kusimama ukutani pangu. Mama umekula? Mama umelala vizuri? Anafanya makusudi. Mtu mzima na meno yake anaulizwa kama amekula!

Jumanne, 4 Februari

Umeme umekatika, kompyuta ikazima, mtoto akakumbuka ana bibi. Akaja kukaa jikoni. Nikamtaka anieleze kazi yake kwa Kiswahili cha watu.

Kumbe ni hivi. Watu wanameza dawa. Dawa nyingine zinaleta maudhi. Aliyepata maudhi anatoa taarifa kwa ofisi ya mambo ya dawa, hata kwa simu: unabonyeza nyota, namba, reli, unajibu maswali. Taarifa zinawekwa mtandaoni bila majina, kila wiki, mtu yeyote anachota. Yudith anazichota, kisha anaiuliza R: dawa ipi inaudhi watu kuliko ilivyotegemewa?

Nikaweka mwiko chini.

Maudhi! Neno hilo mimi nalijua. Nesi aliponipa vidonge vya presha mwezi wa kumi na moja alisema, mama, vina maudhi madogo madogo, ukiyaona usikae nayo. Mimi nimekaa nayo! Nilidhani anasema tu, kama watu wanavyosema pole. Kumbe kuna ofisi. Watu wamekaa kwenye viti wanasubiri maudhi!

Na tangu mwezi wa kumi na moja nimeudhika sana.

Nikamuuliza Yudith, mtu akishatoa taarifa inakuwaje? Akasema, kama haieleweki, wanampigia kumuuliza zaidi.

Wanampigia.

Nikamwambia airudie hiyo namba. Polepole.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoa taarifa. Wanauliza jina, umri, unakaa wapi, dawa gani. Halafu: maudhi uliyoyapata baada ya kutumia dawa. Nafasi ni finyu, kama ya mtu asiyetaka kusikia. Nimejibana. Nimeandika: Tangu nianze hivi vidonge mwanangu hapigi simu. Mbuzi wa jirani amekula mzabibu wangu wa getini. Kwaya imenihamishia mstari wa nyuma. Hasira.

Viatu vyangu vya kanisani navyo vimesinyaa, haviingii. Lakini hilo ni la fundi viatu. Sikuliweka.

Ijumaa, 7 Februari

AMEPIGA!

Anaitwa Ibrahimu. Neno la kwanza kutoka mdomoni mwake ni shikamoo bibi. Nikaitikia marahaba ndefu, nikawa natembea, mpaka nimefika ukutani nimeshaweka spika. Mishi alikuwa anaanika kanga. Nikajifanya sikumwona.

Ibrahimu akauliza nimelala vipi. Ninakula nini. Nani ananipikia. Dawa ninameza kabla ya chai au baada. Maswali ya maana, moja baada ya jingine, wala hana haraka! Nikamjibu yote kwa marefu na mapana. Akataka kujua hiyo hasira ni ya namna gani, je, moyo unakwenda mbio? Nikamwambia hauendi mbio, unakwenda taratibu na unakumbuka kila kitu.

Akauliza kikohozi. Hakuna. Kizunguzungu. Hakuna. Miguu je, imevimba?

Hapo nikamkata. Kijana, unamuuliza mama mtu mzima habari za miguu yake, hadharani? Wewe umeoa? Akaomba radhi. Amelelewa vizuri huyu.

Alipokata Mishi akauliza ni nani. Nikasema ni ofisi, wananifuatilia. Akashika kiuno. "Wanakufuatilia! Kwani umefanya nini, Mama Daudi?"

Wivu huo. Halafu akanikaribisha chai, ana vitumbua vya moto. Nikasema nina kazi nyingi. Nikaingia ndani, nikakaa.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani nimeenda na kandambili. Mama mchungaji akazitazama. Nikaitazama kofia yake. Yakaisha.

Jana nilitoa taarifa nyingine, ya mbuzi peke yake, kwa urefu. Ibrahimu akapiga, lakini safari hii kwa kifupi. Kasema kwa upole kwamba mtu mmoja kwa dawa moja taarifa moja inatosha, nisijisumbue kurudia.

Nani kamwambia najisumbua?

Mtu mmoja, taarifa moja. Haya. Nimemsikia. Basi shida yangu iko hapo tu, kwamba mimi ni mmoja.

Jumatatu, 10 Februari

Sasa sisi ni wengi.

Yupo dada yangu Tereza. Yupo shangazi Erica. Yupo mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunifaa kwa lolote, na afae sasa. Wote ni marehemu, Mungu awalaze pema, kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Wote nimewaandikisha na vidonge vya presha. Umri nimewapa wangu, nisichanganyikiwe. Maudhi nimewagawia: Tereza huzuni, Erica hasira na mbuzi, mama mkwe hasira tupu.

Yudith alikuwa mezani, haelewi kitu. R ilikuwa imemgomea, inasema hakuna mahali kama hapo. Kumbe kaandika Dodoma kwa herufi ndogo. Nikamwambia hapo hiyo lugha yako ina akili. Makao makuu ya nchi unayaandika kwa herufi ndogo, wewe nani?

Jumatano, 12 Februari

Ibrahimu kapiga. Anamtaka bibi Tereza.

Nikasema ndiye mimi. Nikaiweka sauti ya Tereza, ile ya puani kidogo. Imekuja yenyewe. Sikujua kama bado ninayo.

Akauliza huzuni imeanza lini. Tereza akasema yeye hana neno, anamfikiria mdogo wake. Mdogo gani? Paulina. Anakaa nyumba nzuri, Area D. Mdomo wake mkali, lakini ugali wake wa uwele na mlenda, mtu anarudia sahani. Watu wanadhani Paulina ana hasira. Hana. Ana vyumba vingi tu.

Ibrahimu akauliza kama Tereza humpigia simu huyo mdogo wake. Tereza akasema alikuwa anampigia kila Jumapili baada ya ibada, bila kukosa. Ila sasa alipo hakuna mtandao.

Kisha akasema, bibi Tereza, naomba unifikishie ujumbe kwa bibi Paulina. Mwambie kama miguu imevimba, si aibu, aende hospitali. Tereza akasema ataufikisha.

Hajaufikisha.

Simu hii sikuipeleka ukutani. Nilikaa nayo jikoni mpaka mlenda ukaungua.

Ijumaa, 14 Februari

Kelele nyumbani kwangu! Yudith anarukaruka. Takwimu mpya zimewekwa, ameiuliza R, na R imejibu kwamba Dodoma, wanawake wa zaidi ya miaka sabini, dawa yetu ile ile ya presha, maudhi ya hasira na huzuni yamepanda kama moshi. Hakuna mahali pengine duniani. Eti inaitwa ishara. Eti watu wanasoma miaka mingi bila kuiona ishara yao wenyewe. Jumatatu anaiwasilisha mbele ya mwalimu wake, Dokta Raphael, na darasa zima.

Nikaanza kusema, Yudith, sikiliza.

Akanikumbatia. Tangu aingie humu ndani hajanigusa ila kwa kupokea sahani. Akanikumbatia, akanizungusha, akasema bibi una baraka, nyumba yako ina baraka.

Sasa hapo ningesema nini? Mtu akukumbatie halafu wewe ufungue mdomo? Nikampikia kuku.

Jumatatu, 17 Februari

Yudith amerudi mapema. Hakunisalimia. Hana madude masikioni. Nikajua.

Alikuwa anaonyesha ukutani, kwa ule mwanga, mistari inapanda, darasa kimya. Dokta Raphael akapendezwa. Akasema hebu fungua tusome wagonjwa wenyewe wanasemaje. Yudith akafungua. Akasoma kwa sauti, mtoto wa watu, mbele ya wote: Tangu nianze hivi vidonge mwanangu hapigi simu. Mbuzi wa jirani amekula mzabibu wangu wa getini.

Wa pili, mbuzi. Wa tatu, mbuzi.

Darasa likaangua kicheko. Mmoja anaitwa Hamza, mwenye mdomo kama redio, akauliza kama mbuzi alipimwa presha. Dokta Raphael hakucheka, na Yudith anasema hilo ndilo baya zaidi. Mwalimu akamwambia mtaalamu husafisha takwimu kabla ya kuziuliza, na kama hana jambo jipya ifikapo mwisho wa mwezi utafiti huo hauendi popote.

Nikamwambia, namba ya huyo Hamza nipe. Yudith akasema, "Bibi, ni wewe."

Sikukataa. Mimi si mwongo.

Akafungua kompyuta mezani. Akasema njoo uone. Taarifa zinazofanana zinaitwa rudufu. Kaandika neno moja dogo, kabonyeza. Tereza akaenda. Erica akaenda. Mama mkwe akaenda. Ukabaki mstari mmoja. Akasema huyo ndiye wewe.

Nimevaa miwani nikajisoma. Mwanamke. 73. Dodoma. Kidonge. Hasira. Kisha NA. Kisha NA. Kisha NA.

Nikauliza, na nani?

Akasema hapana bibi, hiyo si na. Ni alama ya R. Maana yake hakuna kitu hapo.

Nikamwambia haiwezekani. Na ni na. Mimi na Tereza. Mimi na Daudi. Ukiona na, kuna mtu anakuja nyuma yake. Akasema kwa lugha ya R, ukiona NA hakuna mtu.

Lugha gani hiyo!

Nilitaka kuendelea kugomba. Nikavua miwani. Yudith alikuwa amejitayarisha kupiga kelele, nilimwona, alikuwa amejaza kifua. Akazitoa zile pumzi polepole. Akaketi chini sakafuni mbele yangu, kama alivyokuwa akiketi zamani nikimsuka. Na hapo akaiona miguu yangu.

Nikaivuta. Akaishika. Akabonyeza kwa kidole juu ya kifundo, akatoa kidole, shimo likabaki. Akaniangalia. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu viatu viliposinyaa.

Ndipo akapiga zile kelele zake. "Bibi! Haya ndiyo maudhi! HAYA!"

Nikamwambia basi wangetumia neno jingine. Miguu hainiudhi. Mbuzi ananiudhi.

Jumanne, 18 Februari

Hospitali. Daktari ni msichana, kucha fupi, mkali. Nimempenda. Akasema kidonge kile kinavimbisha miguu baadhi ya watu, jambo linajulikana, na kwamba ningekaa nayo hivyo presha ingenitafuta upande mwingine, maana nilikuwa nimeshaanza kuruka vidonge. (Kidogo tu. Siku za kwaya.) Kanibadilishia. Kanikataza kuruka hata kimoja. Nikamuuliza namba yake. Akasema hospitali ina mapokezi.

Yudith ameandika taarifa yangu upya, ya kweli: miguu kuvimba. Kisha ameiuliza R tena, nchi nzima, wanawake wa umri wangu, kidonge kile, miguu. Mistari ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka. Tabora. Njombe. Tanga. Wanawake watupu, wamevimba, wamejikalia kimya. Yudith akavuta kiti. Akasema tazama bibi, wengi wamechelewa miezi kabla ya kusema. Kwa nini wanachelewa? Nikamwambia kwa sababu mnawauliza maudhi! Akanitazama. Akaanza kuandika haraka haraka. Eti hilo ndilo swali lake jipya, neno lenyewe. Mwalimu atalipenda.

Sawa. Mimi nilikuwa bado kwenye ile mistari. Nikamwambia iulize, kati ya hawa, nani anaishi peke yake. Akatafuta. Akasema safu hiyo haipo, bibi. Hawaulizi.

Jioni Daudi kapiga. Kampigia Yudith. Nimesikia kwa mbali, anauliza mama ameandikiwa nini, inagharimu nini, sawa, msalimie. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, mkono nimeshautoa.

Nimesalimiwa.

Alhamisi, 27 Februari

Miguu imerudi kuwa miguu. Dokta Raphael amelikubali swali jipya. Yudith yuko Kongwa tangu juzi na wenzake, wanazunguka kuwauliza wanawake kama miguu kuvimba ni maudhi au ni uzee. Hamza naye kaenda. Nimemwonya. Nyumba imetulia. Saa ya ukutani inapiga kelele, sikuwa nimeiona hapo kabla.

Ibrahimu kapiga. Nilikimbia, naweza kukimbia sasa. Shikamoo, marahaba. Akauliza dawa mpya inaendeleaje. Nikasema nzuri. Akauliza maudhi. Nikatafuta, nikatafuta. Kidonge hiki hakina hata kidogo! Akafurahi. Akasema basi faili lako tunalifunga, bibi, nakutakia afya njema, ukiona jambo utatuarifu.

Analifunga na huku anafurahi.

Mishi akaita kutoka ng'ambo ya ukuta. Alikuwa anasikiliza, yule. "Mama Daudi, njoo basi tukae, mimi mwenyewe leo Khalidi yuko safarini, nakunywa chai na kuta." Nikamwambia asante, nina wageni. Mimi si mtu wa kuombewa maongezi. Nikafunga dirisha, kisha nikalifungua kidogo nisikie kama ataita tena. Hakuita. Anaringa.

Nimefikiri. Kosa langu nimeliona. Kosa langu lilikuwa kutumia wanawake watupu, umri mmoja, mtaa mmoja. Ndiyo maana R ilitushika. Inatafuta wanaofanana. Basi apatikane asiyefanana. Mwanamume. Wa Makutupora. Miaka themanini na moja.

Yotham, mume wangu, amelala kule Makutupora karibu na mizabibu mwaka wa kumi na mbili sasa. Maishani hakumeza kidonge hata kimoja, kwa ubishi. Mbuzi hakuwa na ugomvi naye. Na sauti yangu alfajiri, kabla ya chai, ni nzito ya kutosha; Mishi aliwahi kuniuliza ni mgeni gani yule.

Kuhusu maudhi, nimechagua kikohozi. Kikohozi wanakijali. Kikohozi wanapiga simu siku hiyo hiyo.

Yotham, uache ubishi wako. Kesho asubuhi unaanza kukohoa, na ukohoe karibu na ukuta.